Sema Ulisinzia

Kijijini Vughari, huku juu ambako ukungu huingia mpaka jikoni bila kupiga hodi, kila mtu ana kitu cha kujivunia. Mzee wa kanisa anajivunia suti. Mtendaji wa kijiji anajivunia muhuri. Sifael, ambaye wengi humwita Baba Agape kwa jina la binti yake wa kwanza, alikuwa na kitu kimoja tu: kwa miaka ishirini na sita ya kulinda mnara wa moto wa kilele cha Ngurunga, hakuwahi kusinzia kazini. Hata siku moja. Hata siku iliyofuata harusi ya huyo Agape, alipopanda alfajiri na pilau bado iko kooni na macho yameiva, hakusinzia.

Majivuno ya aina hiyo hayana faida yoyote. Anayelala kazini utamkamata; asiyelala utamkamata vipi umpe cheti? Lakini ndiyo aliyokuwa nayo, na aliyabeba kila siku kwenye njia ya saa moja na nusu kutoka nyumbani mpaka kileleni, pamoja na panga, chupa ya chai na viazi vitamu vya kuchemsha.

Mnara wenyewe una historia ya kutia aibu kidogo. Wa kwanza waliujenga wakoloni. Walikata miti mikubwa arobaini ili wapate mahali pa kukaa wakilinda miti. Mchwa wakaula. Wa pili ulikuwa wa chuma, na ulikwenda polepole, nati baada ya nati, mpaka siku moja watu wakagundua kwamba mageti yote ya Vughari yamekuwa imara isivyo kawaida. Wa tatu, huu wa sasa, ulijengwa na Mradi. Wafadhili walitoka nchi ambayo haina mlima hata mmoja, labda ndiyo maana waliuonea huruma wa kwetu. Siku ya kuuzindua alikuja mgeni rasmi, akapanda ngazi tatu, akakumbuka kwamba ana presha, akashuka na kukata utepe chini. Kibao cha marumaru kinamshukuru kwa jina. Sifael ndiye aliyemshikia ngazi, na jina lake halimo, lakini hilo hakulilalamikia. Kibao kiko chini. Yeye kazi yake ilikuwa juu.

Huko juu kulikuwa na kibanda cha mbao chenye madirisha pande zote nne, stuli moja, darubini ambayo jicho lake moja lilikuwa zima, daftari la kuandika hali ya kila saa, na kona moja ya kaskazini ambayo simu hupata mtandao ukisimama kwa mguu mmoja. Kazi ilikuwa kusoma moshi.

Nawe usidhani moshi ni moshi. Moshi wa jiko la msiba ni mpana na wa kivivu, kwa sababu masufuria ni mengi na wapishi wanaongea. Moshi wa mrina asali huzunguka mti kama mtu aliyepoteza ufunguo. Moshi wa mkaa ni mweupe, mzito, wa siku tatu, na una tabia ya kupungua kila inapopita gari ya serikali. Kule chini kabisa tambarare, upande wa Mkomazi, uzi mwembamba wa asubuhi ulikuwa wa boma la Loishiye, mfugaji ambaye Sifael hakuwahi kupeana naye mkono maishani, lakini alijua siku ambazo nyumbani kwake wamechelewa kuamka.

Halafu kulikuwa na moshi mmoja ambao haukuandikwa daftarini.

Chini ya kilele, ndani kabisa ya hifadhi, kuna mpungi wa ukoo wa mama yake Sifael: kipande cha msitu kilichotengwa tangu zamani kwa matambiko, ambamo hakuna mtu anayekata hata fito. Serikali ilipochora mipaka ya hifadhi, iliuzungushia mpungi mstari mwekundu kwenye ramani, na kuwasha moto humo kukawa jinai, bila kumwuliza marehemu yeyote. Wazee wa ukoo, ambao karibu wote ni wazee wa kanisa pia, walilimaliza jambo hilo kimyakimya. Siku tatu kabla ya tambiko, mtu asiyeonekana huja na jani la isale, hulipiga fundo na kuliweka kwenye ngazi ya kwanza ya mnara. Mlinzi akilikuta anaelewa: siku ya tatu moshi utatoka mpungini, ni wetu, usiupigie simu. Haliulizwi limewekwa na nani. Halizungumzwi. Huku kwetu isale si jani la mchezo. Mtu aliyekukosea akikuletea, huna ruhusa ya kukataa kumsamehe. Mlinzi aliyemtangulia Sifael alimfundisha habari ya isale kabla hajamfundisha kushika darubini.

Mara moja kwa mwaka, basi, mara mbili mvua ikichelewa, kondoo alichinjwa, mafuta yakachomwa, uzi wa moshi wa bluu ukapanda wima kutoka katikati ya miti mikubwa, na daftari likasema: Shwari. Hilo halikuwa usingizi. Lilikuwa adabu.

Oktoba ya mwaka juzi, vuli ikiwa imegoma kuja na majani yakilia chini ya kiatu, Sifael alikuta isale kwenye ngazi siku ya Jumatatu. Akaliokota, akalitia mfukoni, akapanda. Alhamisi, saa nne kamili, aliandika Shwari. Saa nne na robo moshi ukatokea.

Alijua ndani ya dakika moja kwamba si wenyewe. Tuliweke hilo wazi, kwa sababu yeye mwenyewe hakujificha nalo. Moshi wa tambiko ni mwembamba, wa bluu, unatoka kati. Huu ulikuwa mnene, wa rangi ya maziwa yaliyoungua, na ulitoka pembeni, mashariki, hatua kama mia mbili chini ya mpungi. Ulikuwa moshi wa vichaka vibichi vilivyofyekwa na kulazwa vikauke. Moshi wa shamba.

Lakini isale lilikuwa mfukoni.

Akasimama dirishani akiutafutia moshi ule udhuru kama mama anayemtetea mwanawe mwizi. Labda kondoo wa mwaka huu ni mnono kupita kiasi. Labda wazee wamehama upande kwa sababu ya miba. Labda jicho zima la darubini nalo limeanza kuzeeka. Saa nne na nusu. Saa tano kasorobo. Upepo ulipoanza kupanda kutoka tambarare na moshi ukalala ubavu, alikuwa bado amelishika lile jani mfukoni, limelowa jasho. Saa tano na dakika ishirini miali ikaonekana, na Sifael akasimama kwa mguu mmoja kona ya kaskazini na kutuma ujumbe kwenye kundi la simu linaloitwa MOTO NGURUNGA RASMI. Juu ya ujumbe wake kulikuwa na picha ya maua ya waridi na maneno "Alhamisi njema yenye baraka." Chini yake, mtu alijibu: "Amina."

Moto uliwaka siku nne. Watu waliupiga kwa matawi na majembe mpaka nyusi zikawaungua. Hakufa mtu, jambo ambalo kamati baadaye ilijipongeza nalo. Lakini mabomba ya plastiki ya maji yaliyeyuka kutoka kwenye chanzo mpaka tangini, na tangu siku hiyo wanawake wa Vughari wanateka maji bondeni. Na mizinga ya Prisca, mjane anayefuga nyuki upande wa mashariki, yote arobaini na mmoja, iliteketea na nyuki ndani.

Majivu yalipopoa Sifael alishuka kwenda kuangalia moto ulikoanzia. Aliusikia kwa pua kabla hajaufikia: harufu ya chai ya tangawizi, nzito, kama birika la harusi. Magunia ya mbegu ya tangawizi yalikuwa yameiva ardhini, na matuta yalikuwa yamepimwa kwa kamba vizuri kabisa. Juu ya magunia kulikuwa na kipande cha turubai la bluu ambacho hakikuungua, chenye herufi nyeupe. Alilijua turubai hilo. Lilikuwa la kanisa, la kukingia watu jua siku ya mavuno, na mtunza mali za kanisa alikuwa Mzee Gadiel, mjomba wake, kaka wa mama yake, ambaye pia ndiye aliyekuwa akishika kisu mpungini.

Akakaa juu ya kisiki. Basi isale lilikuwa la kweli, limewekwa na mkono wenye haki ya kuliweka. Kwa ajili ya tangawizi.

Wa kwanza kuja nyumbani alikuwa Jackline, afisa wa msitu, binti wa miaka thelathini hivi mwenye viatu vya matope na moyo usio mbaya. Alikaa kwenye kochi, akafungua daftari la mnara.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Mzee, hapa umeandika saa nne kamili, Shwari. Halafu saa tano na ishirini, MOTO. Katikati pana nini?"

"Pana nafasi."

"Nafasi naiona. Ulikuwa wapi kwenye hiyo nafasi?"

"Mnarani."

"Ukifanya nini?"

Sifael akatazama kalenda ya ukutani kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa kwenye mwezi wa Oktoba.

Jackline akafunga daftari. "Nikwambie kama mwanao. Nina fomu mbili kwenye mkoba. Ya kwanza ni uzembe: mlinzi alipitiwa na usingizi. Hiyo ni barua ya onyo, unastaafu mapema, unakwenda kulima. Ya pili ni aliyeona akanyamaza. Hiyo haibaki ofisini. Inakwenda polisi, halafu mahakamani Same. Jumatano kuna kikao cha uchunguzi, na mimi ndiye mwenyekiti. Mtu wa miaka hamsini na tisa, jua la asubuhi, kimya cha kule juu... ni ubinadamu, mzee. Sema ulisinzia."

"Mimi sijawahi kusinzia mule."

"Najua unavyojisikia."

"Hujui, mwanangu. Lakini asante."

Wa pili alikuja kesho yake baada ya chakula cha mchana, ana suti, ana Biblia kwapani na sukari mkononi.

"Shikamoo mjomba," Sifael akasema, kwa sababu hata ukiwa na turubai la mtu limekwama kichwani mwako, shikamoo ni shikamoo.

"Marahaba, Sifa. Umekonda."

"Amekosa usingizi, mjomba," Ruthi, mke wa Sifael, akadakia kutoka jikoni. "Kila mtu mlima huu anamtaka alale, na yeye hapati."

Mzee Gadiel akacheka kicheko cha kanisani, kile kisichofungua meno. "Sifa, ukoo umekaa."

"Ukoo umekaa na mimi simo?"

"Wewe ulikuwa ajenda."

"Haya. Umeamua nini?"

"Tumeona useme ulisinzia."

"Sikusinzia, mjomba."

"Tunajua. Ungekuwa umesinzia tusingepanda mpaka hapa kukuomba."

Ruthi akaleta chai. Hakuweka tangawizi, tangu moto uzime harufu hiyo ilikuwa haiingii nyumbani mwake. Mzee Gadiel akapuliza kikombe kwa utulivu wa mtu mwenye nafasi yake mbinguni.

"Mjomba," Sifael akasema, "turubai la kanisa lilikuwa linafanya nini kule?"

"Turubai liliibwa."

"Lini?"

"Nitatangaza Jumapili."

"Na mbegu ya tangawizi?"

"Msitu una mimea mingi, Sifa." Akanywa. Alipoweka kikombe chini sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mpungini. "Sikiliza. Ukilitaja isale mbele ya serikali, wataweka askari pale. Hatutaingia tena. Mvua ikikataa mwaka kesho, na mwaka wa pili, watu hawatasema ni Gadiel. Watasema ni mtoto wa dada yangu Nakiete, yule aliyeuza mpungi wa mama yake ili asiitwe msinziaji. Utakwenda wapi na jina hilo? Usingizi ni kitu kidogo. Hata wanafunzi wa Yesu walisinzia."

"Nao waliambiwa waseme walisinzia, au walisinzia kweli?"

Mzee Gadiel akainuka, akachukua Biblia, akasahau sukari kwa makusudi.

Ruthi alisubiri mpaka suti ile ipotee migombani ndipo akamgeukia mumewe, mikono kiunoni. Usije ukadhani alikuwa upande wa mjomba. Alikuwa upande wa maji, ambayo sasa aliyateka bondeni ndoo kichwani, na upande wa mume, ambaye alimtaka nyumbani.

"Baba Agape, sema ulisinzia. Nani atakufa? Mimi nimelala na wewe miaka thelathini na miwili. Ukilala unakoroma mpaka mbuzi wanaomba wahamishwe. Nitakuja kutoa ushahidi mimi mwenyewe."

Sifael akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile. "Nyumbani nakoroma. Mnarani sijakoroma."

"Kwani nani ana haja ya kujua?"

"Mama Agape, hicho ndicho kitu pekee nilicho nacho."

"Una shamba."

"La ukoo."

"Una mimi."

"Wewe una kwenu."

Ruthi akamtupia kitambaa cha kushikia sufuria, kikampata sikioni. Kisha akakaa kando yake na sauti ikamshuka. "Wakikufunga Same, nani atashika ndoo ya pili?"

Ukweli ni kwamba kufikia jioni ile Sifael alikuwa ameanza kuyazoea maneno yale. Aliyajaribu akikata majani ya ng'ombe: nilipitiwa. Nilipitiwa kidogo. Jua lilikuwa kali. Yalitoka vizuri mno, na hilo ndilo lililomtisha. Mlima mzima ulikuwa umemtandikia kitanda: serikali imeleta shuka, ukoo umeleta mto, mke amefunga dirisha. Kilichobaki ni yeye kujilaza.

Jumanne alikutana na Prisca njiani, akitoka mashariki. Alikuwa amebeba mganda wa nyaya, zile za kutundikia mizinga, nyeusi kwa masizi. Akautua.

"Baba Agape."

"Naam, dada."

"Kwanza sikuja kukulilia. Nimeshalia, nimemaliza." Akajifuta mikono kwenye kanga, na masizi yakabaki palepale. "Nimesikia watu wanasema ulilala. Wengine wanasema hapana. Mimi ni mtu mmoja, sina kamati. Niambie tu. Ulilala, au uliona?"

Sifael akatazama viatu vyake.

"Maana kama ulilala," Prisca akaendelea, "basi. Marehemu mume wangu alikuwa analala akitembea. Kulala ni mwili. Kesho nitapita kwako ninywe chai na mama Agape, na tutacheka. Lakini siwezi kusamehe kitu nisichokijua. Nitakuwa nimesamehe hewa."

Angeweza kusema. Lilikuwa neno moja, na upande wa pili wa neno hilo kulikuwa na chai na kicheko, na mjane mmoja aliyekuwa tayari kumtua mzigo palepale njiani. Mdomo wake ulifunguka. Kisha akaona kwamba akilitamka, atakuwa amemwibia mwanamke huyu mara ya pili, na safari hii bila moto.

"Jumatano nitasema," akajibu. "Kikaoni."

"Nitakuja," Prisca akasema, akainua nyaya zake.

Ukumbi wa kijiji ulijaa mpaka madirishani. Mezani palikuwa na kitambaa cheupe, maua ya plastiki na maji ya chupa, ambayo wananchi wanaoteka bondeni waliyatazama kwa makini zaidi kuliko walivyoitazama kamati. Katikati Jackline, mwenyekiti. Kulia kwake mtendaji na muhuri wake. Kushoto kwake, kama mjumbe anayewakilisha wazee wenye hekima, Mzee Gadiel. Naam. Yeye ndiye aliyefungua kikao kwa sala. Alimwomba Mungu aufichue ukweli, na akafumbua macho mapema kidogo kuhakikisha kwamba hajafichuliwa.

"Mzee Sifael," Jackline akaanza, fomu mbili zikiwa mbele yake, ile ya uzembe imewekwa juu kabisa na kalamu imelala juu yake, tayari. "Tarehe hiyo, kati ya saa nne na saa tano na ishirini, je, kuna uwezekano kwamba ulipitiwa na usingizi?"

Watu mia moja walikuwa wakimbembeleza alale.

"Hapana," Sifael akasema. "Niliuona moshi saa nne na robo. Nikaujua kuwa ni moto wa shamba. Nikanyamaza saa nzima na dakika tano."

Mguno ukapita kama upepo kwenye mabati. Ruthi, aliyekuwa mlangoni, akafumba macho. Jackline akaiangalia kalamu yake kana kwamba imemsaliti.

"Mzee. Fikiria vizuri. Unaelewa unachosema?"

"Naelewa."

"Kwa nini ulinyamaza?"

Hapo Sifael alimtazama mjomba wake, na mjomba akamtazama yeye, na kwa nukta chache Vughari nzima ilijua kitakachotamkwa na ikakosa pa kujificha.

"Niliwekewa isale," akasema.

Jackline akaandika, akasita. Alizaliwa mbali, kazi ndiyo iliyomleta. "Uliwekewa nini?"

"Isale. Kwenye ngazi ya mnara."

"Isale ni nini?" Akauinulia uso ukumbi. "Jamani, isale ni nini?"

Ndugu zangu, haijawahi kutokea. Watu waliozaliwa kwa Chasu, waliobembelezwa kwa Chasu, wanaomtukana mbuzi kwa Chasu, wote kwa pamoja waliisahau lugha yao. Bibi mmoja akaanza kutafuta kitu kwenye pochi. Mwalimu mstaafu akagundua kwamba kamba ya kiatu imelegea. Mtendaji alikuwa akiusafisha muhuri. Wanaume watano waliokula nyama ya kondoo yule wa mwaka jana, mafuta yakiwachuruzika hadi kwenye viwiko, walitazama dari ya ukumbi kwa hamu kama wanunuzi wa nyumba.

"Mwulize mjumbe aliye kushoto kwako, afisa," Sifael akasema. "Anajua isale ni nini. Anajua aliliweka nani. Na turubai la bluu kule kwenye magunia, anajua ni la nani."

Mzee Gadiel hakushtuka. Alitabasamu kwa huzuni, akamwinamia Jackline kama babu anayemweleza mjukuu.

"Ni mmea, afisa. Jani. Tunapanda kwenye mipaka ya mashamba. Turubai liliibwa, nimelitangaza mbele ya waumini. Mzee wetu amechoka. Umri ule, upweke wa kule juu... tumwombee."

"Kuna mtu wa kuongeza?" Jackline akauliza ukumbi. "Mtu yeyote?"

Hakukuwa na mtu. Alisubiri kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, ni haki tumpe hilo. Kisha akaandika, na kwa kuwa aliandika akisoma kwa sauti ya chini, waliokuwa mbele walisikia: "Shahidi anadai kwamba aliwekewa mmea." Akaisogeza fomu ya juu pembeni, akaichukua ya chini. Mtendaji akagonga muhuri kwa nguvu, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza wino haukukolea.

Kikao hakikuisha hapo, vikao vyetu haviishi hivyo. Kulikuwa na ajenda ya pili: kamati ya kupanda miti upya mashariki ya mpungi. Mwenyekiti akachaguliwa kwa kauli moja. Alikuwa mtu mzima, mcha Mungu, anayelifahamu vizuri eneo lile. Akashukuru kwa heshima hiyo, na akaahidi kwamba wataanza kwanza na mazao ya muda ya kushika udongo, wakati miche ikisubiriwa. Hakutaja zao gani. Akafunga kwa sala.

Nje, gari ya ofisi ya msitu ilikuwa imewashwa. Wangempeleka Sifael Same jioni hiyohiyo kuandika maelezo. Watu waliomzoea walipita mbali naye, wakijishughulisha na simu. Wazee wa ukoo walipita karibu, ili aone kwamba hawakumsalimia. Ruthi alikuwa amekwenda mbio nyumbani kumletea sweta, akilia na kumtukana kwa zamu.

Prisca alisimama kando ya tairi la nyuma. Hakuwa amesogea tangu watu watoke.

"Saa nzima," akasema.

"Na dakika tano."

"Uliona upande wa mizinga yangu?"

"Niliona."

"Ulijua nyuki wamo?"

"Nilijua, dada."

Aliyameza hayo taratibu, moja baada ya jingine, kama dawa chungu. Alikuwa Mpare, binti wa mlima huu. Isale alilijua tangu tumboni, na ukumbini naye alikuwa miongoni mwa walionyamaza. Hakulitaja. Sifael naye hakumkumbusha.

"Kama ungesema ulilala," akasema mwishowe, "leo ningekuja kunywa chai kwako."

"Najua."

"Sasa siji."

"Najua."

Dereva akapiga honi. Sifael akapanda nyuma, akakaa juu ya gurudumu la akiba, sweta halijafika. Prisca akashika ubao wa gari kwa mkono mmoja, akamtazama usoni sawasawa, kama mtu anayesoma kitu ili asije akakisahau.

"Afadhali," akasema. "Sasa najua nakuchukia kwa lipi."

"Ndiyo hilo," Sifael akamjibu. "Usilibadilishe."

Prisca akaliachia gari, likaondoka.